Nani Alipokea Lindo

Eldoret, 9 Machi 2025

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta ukiwa mzima na joto la huko halijaanza ukali wake. Hapa chuoni tuko salama, ila mafua yamezunguka hosteli nzima. Nyanya, Kogo wetu wa Mosoriot, anakusalimu. Goti lake bado, na anasema dawa ulizotuma zinamlaza usingizi mchana, kwa hiyo anazimeza jioni tu bila kumuuliza mtu.

Nimeandika kwa karatasi na kuipiga picha nikutumie kwa simu, kama unavyotaka. Ulisema jambo la maana haliandikwi kwa kidole gumba. Hili ni la maana.

Kocha Nyanchama anahama. Mwezi wa sita anaenda kufundisha timu ya wasichana ya chuo kimoja cha Nakuru. Alituita uwanjani akatuambia mwenyewe, hakungoja tusikie kwa watu. Scovia, yule mshambuliaji wetu, ameshasema anamfuata. Olivia pia. Na mimi nataka kwenda, Baba.

Najua utauliza kuhusu masomo, kwa hiyo naanza hapo. Chuo kile kimekubali kunichukua na kunilipia karo kwa sababu ya mpira. Lakini masomo yangu mengine hawayatambui, itabidi nirudie mwaka wa tatu. Badala ya kumaliza mwisho wa 2026, nitamaliza 2027. Na wewe uliahidi kurudi nyumbani nikimaliza. Hapo ndipo pananiuma, ndiyo sababu nakuuliza badala ya kukuarifu.

Fomu ya kuhama inatakiwa na sahihi yako kufikia tarehe 31 Mei. Nijibu, tafadhali.

Binti yako,
Jeptoo


Doha, 21 Machi 2025

Binti yangu Jeptoo,

Marahaba, mama. Mimi ni mzima, mgongo tu unanikumbusha umri. Ni Ijumaa, nimepumzika, nakuandikia nikiwa kitandani hapa Industrial Area. Cyrus anayelala kitanda cha juu yangu anafua nguo na kuimba vibaya. Huu ni mwezi wa Ramadhani, na pale The Pearl ninapolinda, watu wa ghorofa wanatushushia chakula magharibi mpaka walinzi Wakristo tumenenepa kuliko waliofunga. Mwambie Kogo ameze dawa kama daktari alivyosema. Najua hatasikia.

Sasa, habari ya kumfuata kocha. Nimeisoma barua yako mara tatu, ya tatu nikiwa ndani ya basi la kampuni.

Nakuuliza kama mzee anayetaka kujua. Scovia anafuata nini? Olivia je? Wewe? Kocha ni mtu wa mshahara kama mimi. Leo yuko Eldoret, kesho Nakuru, kesho kutwa ataitwa Nairobi. Utabeba sanduku nyuma yake mpaka lini? Shahada ni yako, na kocha ataondoka nayo wapi?

Halafu kuna jambo la kazi yetu. Wewe ni kipa na mimi ni mlinzi, tunaelewana hapa. Mlinzi haondoki lindoni mpaka aje wa kumpokea. Hata kama zamu imekwisha, hata kama basi linapiga honi, unangoja. Anakuja mwenzako, mnatazama pamoja kila mlango, anaandika kwenye kitabu kwamba amepokea, ndipo unaondoka. Uliniambia yule kipa wenu mdogo Pamela bado anaogopa mipira ya juu. Ukienda, nani anapokea lindo lako? Utawaachia wenzako goli wazi?

Kwa hiyo jibu langu ni hapana. Maliza ulipoanzia.

Habari nyingine ni nzuri. Unamkumbuka Philipo wa Busia, msimamizi wetu? Amepata kazi katika kampuni nyingine yenye vyumba vya watu wawili wawili na chakula cha kueleweka. Ameniomba niende naye, na nimekubali. Mkataba huu wangu unaisha Oktoba, na huo mpya ni wa miaka miwili. Usijali, mahafali yako nitaomba likizo nije hata siku tano.

Ni mimi,
Baba yako


Eldoret, 30 Machi 2025

Baba,

Shikamoo. Mimi mzima. Kogo mzima.

Umeuliza maswali, nayajibu. Scovia anaenda kwa sababu kocha mpya anayekuja hapa ana mshambuliaji wake anayemleta, na Scovia hataki kumaliza chuo akiwa benchi. Anasema wazi kwamba si mapenzi, ni namba. Olivia anamfuata Scovia. Wametoka shule moja, tangu kidato cha kwanza wanatumia sanduku moja, na nadhani Scovia akiamua kuwa mtawa Olivia ataomba rozari. Kila mtu ana lake, na sioni la kumcheka mmoja wao.

Langu ni hili. Mama alipofariki, Oktoba 2023, kampuni yako ilikunyima ruhusa. Sikukulaumu, nilielewa. Lakini Kocha Nyanchama alikuja Mosoriot na basi la chuo na timu yote. Alifika siku mbili kabla ya mazishi. Alimenya viazi na kina mama mpaka akajikata kidole, akakifunga kitambaa akaendelea. Hakuna aliyemtuma.

Pale kaburini mzee wa kanisa aliita mume wa marehemu atupe udongo. Akaita tena, nadhani alikuwa amesahau kwamba hupo. Nilisikia aibu ambayo sijui niieleze vipi. Kocha alikuwa nyuma yangu, akanisukuma polepole begani, akasema, "Tupa mara mbili." Nikatupa mara mbili. Moja yangu, moja yako.

Sasa unaniambia mlinzi haondoki mpaka aje wa kumpokea. Ulipoondoka nyumbani 2019, Baba, nani alipokea lindo lako? Na katika barua hiyohiyo unayonikataza kumfuata mtu, unaniambia unamfuata Philipo kwa miaka miwili zaidi. Umeisoma barua yako kabla ya kuituma?

Likizo ya siku tano siitaki.

Jeptoo


Doha, 18 Mei 2025

Mwanangu Jeptoo,

Salamu kwako, kwa Kogo, na kwa wenzako wa timu. Najua ni wiki saba. Niliandika barua nne nikazichana, na Cyrus akaniuliza kama nimepata mchumba.

Umeniuliza nani alipokea lindo langu. Hakuna, kwa sababu sikumwomba mtu. Nilimwachia mama yako kila kitu nikakuita huko kutafuta riziki. Yeye hakulalamika, alinicheka tu. Alisema nyumba ya Mnandi na Mtaita itazungumza Kiswahili, na Kiswahili kitafika Doha bila nauli. Nilipoondoka alikuwa akicheka.

Sasa kaa chini, kama umesimama.

Kampuni haikuninyima ruhusa. Walinipa siku kumi na tiketi. Mudiri wa kampuni mwenyewe alinipa mkono wa pole. Nilifunga begi, nikafika uwanja wa ndege, nikakaa kwenye kiti nikiangalia watu wa Nairobi wakipanga foleni. Kila nilipotaka kusimama niliona kaburi na watu wakinitazama, wakihesabu miaka niliyokaa mbali. Nikasema nitasimama yule mama mwenye mtoto akipita. Akapita. Wote wakapita. Ndege ikaondoka nikiwa nimekaa palepale, na begi mapajani.

Siku mnamzika mama yako nilikuwa mtaa wa Fereej Bin Mahmoud, katika kibanda cha chai ya karak, na lile begi. Nilikupigia simu kutoka pale nikakuambia wamenikatalia. Nilikudanganya, Jeptoo. Nimekudanganya mwaka mmoja na nusu.

Philipo alinikuta pale. Alijua nimepewa ruhusa, yeye ndiye aliyeipeleka fomu yangu. Aliliona begi. Akaketi, akaagiza karak, akainywa yote, akasema, "Twende chumbani." Aliwaambia wenzangu niliugua nikashindwa kusafiri. Siku tatu aliniletea wali, akanisimamia mpaka nile. Tangu siku ile hajawahi kulitaja, hata kwa mzaha, hata siku tulipokosana kuhusu zamu.

Ulipoandika habari za udongo, nilijiuliza kwa nini kweli namfuata mtu huyu. Kila mara nimejiambia ni kwa sababu ni msimamizi mzuri. Mchana wa Agosti huja lindoni akakaa yeye, nikaingia ndani dakika kumi. Lakini wasimamizi wazuri wako wengi. Namfuata kwa sababu yeye peke yake anajua nilichofanya, na kila asubuhi bado ananisalimu kama mtu mwenye heshima zake. Nikienda mahali ambapo hayuko, nitabaki na mimi tu ninayejua.

Kwa hiyo sina mdomo wa kukukataza. Fomu nimetia sahihi, picha yake iko chini ya barua hii. Ukitaka kwenda, nenda. Samahani haitoshi, lakini sina nyingine. Nisamehe, mama.

Baba yako


Doha, 8 Juni 2025

Jeptoo,

Natumaini u mzima. Nimeona tiki mbili za buluu, kwa hiyo najua umesoma. Sidai jibu. Nakuarifu tu kwamba joto limeanza kwa nguvu, kwamba ni mzima, na kwamba nimempigia Kogo, akaniambia umerudi chuoni na unakula. Hilo lilinitosha kwa leo.

Baba yako


Eldoret, 27 Julai 2025

Baba,

Shikamoo. Natumaini joto halijakuangusha. Kogo mzima, goti limepoa, na anasema ni maombi, si dawa.

Sijamwambia ulichoniandikia. Hilo ni lako la kumwambia.

Nilikasirika mpaka nikakosa mazoezi wiki nzima, na mimi sijawahi kukosa. Nilisoma barua yako chooni nikaogopa kutoka. Kilichoniuma zaidi si kwamba hukuja. Ni kwamba ulikuwa na tiketi. Mwaka mmoja na nusu nimekuwa nikiichukia kampuni ambayo haikukosa kitu.

Tarehe 31 Mei nilimpelekea Kocha fomu yenye sahihi yako. Aliishika, hakuisoma. Akaniuliza, "Jeptoo, unanifuata ama unakimbia?" Nikasema nakufuata. Akanirudishia fomu, akasema nirudi jioni nikiwa na jibu lingine au lilelile.

Sasa nakuambia kitu ambacho sijamwambia mtu. Uwanja wetu una goli upande wa mjakaranda. Siku ile Mama alipofariki nilikuwa langoni pale, Kocha akiwa pembeni, kona inataka kupigwa. Matron wa hosteli alikuja kwa nyuma, ameshika viatu mkononi kwa sababu ya matope, akaniita jina. Nilijua kwa namna alivyoliita. Sikugeuka. Niliudaka ule mpira wa kona kwanza, nikaushika, ndipo nikageuka kumsikiliza.

Tangu hapo, nikisimama goli lile nasikia hatua nyuma yangu. Mabao mengi niliyofungwa hapa yameingilia upande ule. Sikusema, lakini Kocha aliona. Tukicheza nyumbani, kipindi tunacholinda goli lile, huacha benchi akaja kusimama nyuma ya wavu. Watu hudhani ananipa maagizo. Hasemi neno lolote, anasimama tu, na mimi sisikii hatua. Tangu aanze hivyo hatujawahi kulizungumzia.

Kwa hiyo ulipoandika kuhusu Philipo, pamoja na hasira zangu zote, nilikuelewa. Yangu ni hiyohiyo. Scovia anafuata namba, Olivia anamfuata Scovia, na mimi namfuata mtu aliyeniona siku ile akanyamaza. Na nikienda Nakuru sitaliona goli lile tena. Kocha aliuliza swali sahihi.

Jioni nilirudi nikamwambia, ninakimbia. Akasema alijua. Akasema mlango wake hautafungwa, lakini hataki mchezaji anayemjia kwa sababu anaogopa mahali alipotoka. Nililia, na yeye akalia, halafu akaniambia viatu vyangu vinanuka.

Nimebaki. Pamela namfundisha mipira ya juu kila Jumanne. Bado anafumba macho, lakini siku hizi anafumba moja.

Sijakusamehe. Nakuambia ili usidhani kuandika ni kusamehe. Lakini nakuuliza alivyoniuliza Kocha: unamfuata Philipo, ama unakimbia?

Tarehe 8 Novemba tunacheza na timu ya Kocha, hapahapa nyumbani. Siku hiyo atakuwa benchi la wageni. Sijui nyuma ya goli lile patakuwa na nani.

Binti yako,
Jeptoo


Doha, 29 Agosti 2025

Binti yangu,

Salamu. Mimi mzima. Swali lako nimelitembeza mwezi mzima, The Pearl na kurudi.

Jumanne nilimwambia Philipo simfuati. Nilitaka kueleza sababu, akanizuia kwa mkono. Akasema, "Mzee Gerishon, begi lile bado unalo?" Ni mara ya kwanza kulitaja katika miaka miwili. Nikasema ninalo, liko chini ya kitanda. Akasema, "Basi lipanguse vumbi." Halafu akakaa mahali pangu, nikaingia ndani dakika kumi, nikalia katika choo cha wageni chenye marumaru nyingi kuliko kanisa letu.

Sitakuahidi kitu. Ahadi zangu unazijua.

Nilipita Fereej Bin Mahmoud kwenye duka la vifaa vya michezo nikununulie glavu. Muuzaji akaniuliza namba ya mkono. Sikuijua. Nilikuacha ukiwa na mkono wa mtoto. Cyrus alinipa wake wa kupimia, lakini wake ni kama jembe. Uchore wako kwenye karatasi unitumie, kama utapenda.

Baba yako


Eldoret, 14 Septemba 2025

Baba,

Shikamoo. Mkono wa kulia huo. Kidole kidogo kimepinda hivyo kwa sababu kilivunjika mwaka jana. Hukuambiwa kwa sababu nilikataza.

Jeptoo


Uwanjani, 8 Novemba 2025, wakati wa mapumziko

Jeptoo mwanangu,

Nimemwomba Pamela akupe karatasi hii pamoja na glavu. Ni karatasi yenyewe, safari hii haijapigwa picha. Kidole kidogo nilimwambia fundi akilegeze kidogo upande wa mpindo.

Nilifika juzi. Nilienda Mosoriot kwanza. Nilimwambia Kogo yote, akaniacha nimalize, akanipiga kofi moja la mgongo, halafu akachukua fimbo yake akanisindikiza kaburini. Nimetupa udongo wangu. Sasa ule wa pili uliotupa kwa niaba yangu ni wako pia.

Kipindi hiki cha pili mnalinda goli la mjakaranda. Niko nyuma ya wavu, upande wa kushoto, mahali ambapo nyasi zimekwisha. Nilipofika, Kocha Nyanchama alikuwa ameshavuka nusu ya uwanja akija huku, ilhali timu yake ni ile nyingine. Nadhani miguu ilimleta yenyewe. Nilimwambia mimi ni nani. Alinipa mkono, akaangalia goli, akaniangalia tena, halafu akarudi kwa benchi lake.

Usigeuke kunitafuta. Tazama mpira.

Baba